Sala Iliyompa Godlisten Kiti

Uliuona moshi. Usikatae. Ulikuwa ndani ya gari lako, umesimama kwenye taa nyekundu pale mjini Crystal, Jumapili ya mwezi wa pili, theluji imerundikwa kando ya barabara, na moshi mweusi ulikuwa unatoka nyuma ya ukumbi wetu. Ukautazama. Kisha ukageuza shingo, ukaongeza hita, ukasema moyoni kwamba kuna watu wanaoshughulikia mambo kama hayo. Kweli walikuwepo. Wameshughulika, na wewe umelala usingizi mnono.

Sasa kaa usikilize jinsi Tumpe alivyoingia katika jambo hili. Alikuwa sajenti wa upelelezi Mbeya kabla ya kuja huku, na hata yeye ilifika mahali hakujua ashike lipi, aache lipi.

Huku Minnesota kazi yake ilikuwa ya bima. Kampuni moja yenye ofisi Eden Prairie ilimtuma kila palipoungua, atafute moto ulianzia wapi na kwa nini. Ukumbi wa Jumuiya yetu ulikatiwa bima hapo: Jumuiya ya Watanzania, Wakenya, Wakongo, na yeyote aliyekuwa na hamu ya kusalimiwa kwa Kiswahili mara moja kwa wiki. Jiko la nyuma lilikuwa limeteketea. Hakufa mtu. Na Jumamosi hii ninayoisimulia, jioni, Jumuiya ilikuwa na mkutano wenye ajenda moja tu, kutamka mbele ya mpelelezi wa polisi kwamba mchomaji wa ukumbi ni Mudrick.

Asubuhi Tumpe alikwenda Brooklyn Park kwa Mudrick mwenyewe. Alimkuta sebuleni na sare ya duka la dawa anakofanya kazi, mkewe amejifungia chumbani na mtoto. Wakili wao alikuwa amesema wazi: polisi hawana kitu mkononi isipokuwa minong'ono, lakini jamii nzima ikisimama na kumtaja, atashtakiwa. Akishtakiwa, maombi yake ya ukaazi yatasimama hapo hapo. Yeye atarudishwa Tanga, na binti yake aliyezaliwa hapa atabaki na picha.

"Kaa kama ulivyokaa mbele ya watoto," Tumpe alimwambia. "Nifundishe. Usiruke kitu."

"Dada Tumpe, mimi nangoja kukamatwa, wewe unataka somo la historia?"

"Wanasema somo ndilo ushahidi. Basi nionyeshe ushahidi."

Maana ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumamosi Mudrick aliwafundisha watoto wetu historia pale ukumbini, watoto wanaosikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Jumamosi ile ya kabla ya moto alikuwa amewafundisha jinsi chama cha Wanazi kilivyoshika dola Ujerumani. Na katika somo hilo kuna jengo linaloungua. Kesho yake jengo letu likaungua. Watu wakajumlisha moja na moja, wakapata kumi na moja.

Akafundisha. Alisema walianza wakiwa kichekesho, chama cha wapiga kelele ambacho katika uchaguzi mmoja hakikupata hata watu watatu katika kila mia. Halafu uchumi wa dunia ukaanguka, mamilioni wakakosa kazi, na wapiga kelele wakawa na la kusema: mnateseka kwa sababu ya wale, Wayahudi wale, wakomunisti wale, wageni wale. Bunge likashindwa hata kupitisha sheria, rais mzee akatawala kwa amri, wananchi wakazoea. Chama kikawa kikubwa kuliko vyote, lakini nusu ya kura hakikuwahi kuipata katika uchaguzi huru. Tena mwisho wa mwaka 1932 kura zake zilipungua. Kilikuwa kinashuka.

"Kama kilikuwa kinashuka, kilipandaje?" Tumpe aliuliza.

"Walikipandisha waheshimiwa. Wanasiasa wa kihafidhina, watu wa suti na masharubu. Waliogopa wafanyakazi wa mrengo wa kushoto kuliko walivyomwogopa Hitler. Wakamshauri rais ampe uchansela, yaani uwaziri mkuu, na kwenye baraza wakamwekea mawaziri wao wamzunguke. Wanazi walikuwa watatu tu mle ndani. Wakacheka, wakasema tumemfunga kamba."

Haikupita muda, alisema, bunge likaungua. Akakamatwa kijana mmoja wa Kiholanzi ndani ya jengo. Kesho yake ikatoka amri: uhuru wa kusema umesitishwa, wa kukutana umesitishwa, yeyote akamatwe bila kufikishwa mahakamani. Uchaguzi ukafanyika watu wakiwa na hofu, na bado nusu ya kura hawakuifikisha. Wakaliita bunge kwenye ukumbi mwingine, wanamgambo wamejipanga ndani na nje, wabunge wa kikomunisti wako jela au mafichoni, na likapitisha sheria ya kumkabidhi serikali nzima. Wasoshalisti peke yao walipiga kura ya hapana. Wengine walitegemea watatendewa wema.

"Na bunge alilichoma nani?" Askari ni askari.

"Kila mtu huniuliza hilo. Wanahistoria wanabishana mpaka leo. Watoto niliwauliza jingine: kesho yake asubuhi, nani aliamka akijua tayari la kufanya?"

Maneno mazuri, lakini Tumpe hakutumwa kukusanya maneno. Aliuliza juu ya dumu la petroli lililoonekana kwenye buti la gari lake. Mudrick akasema ni la mashine ya kusukuma theluji. Tumpe akamkumbusha kwamba anaishi ghorofa ya pili. Akajibu kwamba mashine ni ya mama mkwe wake anayeishi New Hope. Akamuuliza kwa nini alionekana ukumbini Jumapili asubuhi. Alirudi kuchukua kofia ya mtoto, alisema, na mlango wa mbele ndio aliotumia. Jikoni hakufika.

"Ulipomaliza somo uliwasha mshumaa."

"Kuwakumbuka waliouawa. Mmoja tu."

"Maabara ya kampuni haikupata petroli, Mudrick. Ilipata nta. Nyingi, sakafuni jikoni."

Mudrick akasema nta hiyo haijui. Tumpe aliondoka pale akiwa na mashaka zaidi kuliko alivyokuja. Mtu asiye na hatia angekuwa na jibu. Lakini mwenye hatia pia angekuwa amelitunga.

Kutoka Brooklyn Park akaendesha mpaka Eden Prairie kwa Mzee Cleophas, mhandisi, mtu wa Bukoba, mwenyekiti wetu kabla ya huyu wa sasa, Godlisten. Mlango wa gereji ulikuwa wazi, na ndani palikuwa na mashine ya theluji na dumu jekundu la petroli pembeni yake. Gereji ya jirani vilevile. Tumpe akalifuta dumu la Mudrick kwenye hesabu zake. Kwa ushahidi huo Minnesota nzima ingelala rumande.

Akaamkia, akaitikiwa marahaba, akaletewa chai ya maziwa. Alitaka kujua Godlisten alikipataje kiti.

Mzee alieleza kwa upole, kama anayeeleza mtambo. Jumuiya ilikuwa imegawanyika. Upande mmoja alikuwepo muuguzi Rahab na watu wake, waliotaka kila mtu aingie, mwenye karatasi za kuishi hapa na asiye nazo, Mkongo aliyeshuka jana kwenye ndege. Upande wa pili walikuwepo wazee kama yeye, waliotaka mambo yaende polepole. Na pembeni palikuwa na Godlisten na kikundi chake, Nidhamu Kwanza, waliovaa shati moja la kijivu na kusema kwamba wasio na karatasi wanatuharibia jina, waondolewe. Wachache, ila kelele zao zilijaza ukumbi. Katika uchaguzi wa mwisho hata walipoteza viti.

"Tukaona heri yeye kuliko Rahab," alisema Mzee Cleophas. "Tukampa uenyekiti tumzibe mdomo. Kamati ina watu kumi, wao ni watatu. Angefanya nini?"

Tumpe aliweka kikombe chini. Sentensi hiyo alikuwa ameisikia asubuhi hiyo hiyo, sebuleni kwa Mudrick, ikisimuliwa juu ya watu wa suti na masharubu.

"Mzee, ulipata kulisikia somo la Mudrick?"

"Mjukuu wangu alinisimulia. Nikamwambia hayo ni mambo ya Wazungu."

Unacheka? Nawe ulisema hivyo hivyo.

Tumpe akauliza ile kamati ya watu kumi iko wapi sasa. Mzee akasema imevunjwa. Nani aliivunja? Ilivunjwa tu, baada ya moto. Kura zilipigwa? Hapana, hazikupigwa. Basi kwa uamuzi wa nani? Mzee Cleophas akakiri kwamba kwa kweli hajui. Alikuwepo, na hajui. Siku ile alirudi nyumbani akiwa si mjumbe wa kitu chochote, na hakumbuki ni dakika gani iliyomtoa.

Tumpe alikaa ndani ya gari bila kuliwasha. Alikuwa na moto usio na petroli, nta isiyo na mishumaa ya kutosha, na uongozi usio na uchaguzi. Akaamua kurudi kwenye kitu kisichosema uongo, yaani sakafu.

Jikoni pale Crystal mabati ya dari yalikuwa yananing'inia na maji ya wazimamoto yameganda kuwa barafu nyeusi. Alipiga magoti karibu na mlango wa nyuma na kuparua masizi kwa kisu. Moto ulikuwa umekula chini kabla ya kupanda juu. Na pale ulipokula zaidi palikuwa na umbo: pembe nne, kingo zilizonyooka, upana wa mikono miwili. Petroli ikimwagwa hutapakaa inakotaka. Mshumaa huacha duara. Hapa palikuwa pamekaa kitu cha pembe nne, kikaungua mahali kilipo, na sakafu yote chini yake ilikuwa imeinywa nta.

Alikuwa amemwita Kerubo wakutane hapo. Kerubo ni Mkisii, anatunza wazee kwenye nyumba ya wagonjwa, na Jumamosi ile ya kabla ya moto, palipokuwa na karamu ukumbini baada ya somo, ndiye aliyeongoza upishi. Alifika na sare yake, akasimama mlangoni akiziba pua.

Tumpe hakumuuliza nani alichoma. Alimwomba amwonyeshe alichofanya siku ile, toka kisu cha kwanza mpaka kuvaa koti. Kerubo akaona ni mchezo, lakini akaucheza vizuri, akitembea katikati ya masizi, mikono ikikata mboga hewani. Hapa tulikatia sukuma. Hapa sufuria ya ugali. Nyama tulichoma nje hapo nyuma, kwenye lile pipa, snow inatuangukia, wanaume wamevaa glavu wanageuza mbavu na kulalamika. Saa ya kufunga tukafagia, tukatoa takataka, nika-lock, nika-drive home.

"Na makaa?"

"Makaa gani, madam?"

"Yaliyobaki kwenye pipa."

"Ah, yale. Yalikuwa mazuri, ya magogo kabisa, si hizi za vidonge za supermarket. Kuna mtu alituletea toka Wisconsin. Singeyaacha nje yalowe na snow."

"Ukayaweka wapi?"

Kerubo alinyoosha kidole. Kidole kikaenda mpaka mlango wa nyuma, kikashuka, kikasimama juu ya ule mraba mweusi. Kikabaki hapo.

"Niliyafunika na jivu," alisema taratibu. "Kama kwetu. Unafunika, asubuhi unayapata."

"Ndani ya nini?"

"Box ya sukuma."

Chumba cha mbele hakikuungua, na boksi jingine la sukuma wiki lilikuwa bado liko chini ya meza. Tumpe alilileta, akalikwaruza kwa kucha. Ukucha ukatoka na utando mweupe unaoteleza. Mboga hizo husafirishwa zikiwa kwenye barafu, na karatasi tupu ingelowa ikachanika, kwa hiyo kiwandani boksi hupakwa nta pande zote. Makaa hai chini ya jivu, ndani ya boksi la nta, kwenye sakafu ya mbao. Kwetu makaa hayo yangelala jikoni juu ya udongo. Hapa yalikesha, yakatoboa, na asubuhi yakakuta chakula.

"Wewe ulipowasikia wanamtaja Mudrick, hukuwaza makaa?"

"Niliwaza kidogo. Halafu nikasikia petrol, petrol, kila mtu anasema petrol. Nikasema basi si mimi."

Tumpe alimweleza neno kwa neno kinachofuata. Hiyo ni ajali, hakuna jela kwa ajali. Lakini mraba wa nta pekee hausemi, na mtu mwenye ubishi atasema Mudrick aliyeyusha mishumaa. Anahitajika mtu aliyeyabeba makaa aseme kwamba aliyabeba, leo, kabla Jumuiya haijatamka. Kerubo alitikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo na ingeweza kuwa hapana.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Godlisten aliingia na mashati yake ya kijivu, wakaanza kupanga viti vya chuma kwa ajili ya mkutano. Alimsalimia Tumpe kwa adabu zote, dada yangu habari za kazi, poleni na baridi. Tumpe alimvuta kando akamweleza kuhusu makaa, boksi na nta.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika.

"Makaa au petroli, dada yangu, kuna tofauti gani sasa? Watu wamepata utulivu. Unataka kuwarudisha kwenye vurugu?"

"Mudrick hana utulivu."

"Mudrick ni mtu mmoja."

"Na wewe nani amekupa mamlaka ya kusema kwa niaba ya wote? Kamati haikupiga kura. Nimeuliza."

Hapo ndipo alipotabasamu, akampa jibu alilokuwa akilitafuta toka Eden Prairie. Jumapili ile, moto umezimwa, watu wamesimama nje kwenye theluji, kina mama wanalia, Mchungaji Jairus aliombwa afunge kwa sala. Godlisten alimsogelea akamnong'oneza mambo ya kuombea. Mchungaji ni mtu mwema, akayaombea yote. Kwamba Mungu anyanyue kiongozi mmoja wakati huu wa hatari. Kwamba kamati ipumzishwe mpaka hali itulie. Kwamba kiongozi huyo aseme kwa niaba ya wote, na walio wachafu watoke katikati yetu. Baada ya kila ombi watu wakaitikia. Wakristo wakasema Amina, Waislamu wakasema Amin.

"Hiyo ni kura gani?" Tumpe aliuliza.

"Kubwa kuliko karatasi. Mlete mmoja aje aseme hapa kwamba alikuwa anamtania Mungu." Akashusha sauti, kama anayemgawia utamu. "Mudrick mwenyewe alikuwa kushoto kwangu, mikono wazi. Aliitikia kwa sauti kubwa kuliko mimi."

Elewa kilichotokea. Mtu aliyejua historia ile yote, aliyeifundisha siku moja kabla, aliinua mikono yake akaidhinisha hukumu yake. Kwa sababu sisi sala haturuhusu ikatizwe. Kura tunaibishia, hotuba tunaizomea, bajeti tunaichana, lakini mtu akifumba macho na kusema tuombe, hata nyoka akipita katikati ya viti tunaitikia tu. Godlisten alilijua hilo. Wajerumani walihitaji wanamgambo kwenye korido. Kwetu ilitosha kufumba macho.

Tumpe akaenda kwa mpelelezi wa polisi, Mmarekani aliyekuwa ameketi kiti cha nyuma na kahawa yake. Alimweleza kwa haraka. Yule bwana alimsikiliza kwa heshima, akasema angefurahi sana kumsikia huyo mpishi mwenyewe, na kwamba ameshapewa mkalimani wa mkutano. Mkalimani ni mwenyekiti.

Tumpe alimwomba Godlisten nafasi ya kuzungumza. Akajibiwa kwamba wanaosema ni wanachama peke yao, na yeye hakuwahi kujiandikisha. Akaulizia kama Rahab anaweza kusimama. Rahab aliondolewa Jumapili ile ile kwa ombi la wachafu, akaambiwa. Naye pia aliitikia.

Ukumbi ukajaa, makoti yananuka moshi. Mzee Cleophas alikaa mbele na kofia magotini. Mudrick alisimama ukutani na mkewe. Kerubo alikaa safu ya tatu. Godlisten hakuhutubia. Alimwita Mchungaji Jairus, akamnong'oneza, watu wote wakainamisha vichwa, na sala ikaanza: Baba tunakushukuru kwa kumfichua adui aliyewasha petroli katikati yetu, tunakiri kwa kauli moja mbele ya mgeni wetu askari—

Ombi la kwanza linaelekea mwisho. Mpelelezi ameishika kalamu. Tumpe hana haki ya kusema. Kerubo ameshika mgongo wa kiti cha mbele, magoti yake yanataka na hayataki, macho yake yako wazi na yanatafuta mwingine mmoja aliyefumbua.

Nawe uko hapo, kiti cha pembeni yake, kidevu kifuani, unangoja mwenzako aanze. Hakuna mwenzako. Fumbua macho. Inuka sasa hivi, kabla Mchungaji hajavuta pumzi, mkatize akiwa katikati ya sala, na mdomo wako useme kwa sauti ambayo hata yule askari ataisikia bila mkalimani: hapana.